Anayetaka somo la mageuko liondolewe aandike, asinong'one

Bwana Mhariri,

Nimesoma barua ya papa mmoja, baba wa mwanafunzi, wa Ibanda hapa Bukavu, katika toleo lenu lililopita. Anaomba somo la mageuko ya viumbe, ambalo wanafunzi wetu huliita evolisio, liondolewe katika darasa la mwisho la humanite, yaani la sekondari ya juu, au angalau mchungaji aingie darasani saa ileile aeleze uumbaji. Anasema hata Marekani mahakama zimekataza somo hilo kufundishwa peke yake. Mimi ninafundisha biolojia hapa Kadutu. Papa huyo ameandika kwa heshima, nami ninataka kumjibu kwa heshima, lakini habari hiyo ya mahakama si ya kweli. Imekwisha kuanza kurudiwa katika mikutano ya wazazi, ndiyo maana naomba nafasi ya kuieleza ilivyokuwa.

Pengine papa amesikia habari za Dayton, mji mdogo katika jimbo la Tennessee. Mwaka 1925 jimbo hilo lilitunga sheria ya kumkataza mwalimu wa shule ya serikali kufundisha kwamba mtu ametokana na wanyama. Julai ya mwaka huo kijana John Scopes, mwalimu mwenye miaka 24, alisimama mahakamani kwa kosa hilo, baada ya kukubali yeye mwenyewe kushtakiwa ili sheria ipate kujaribiwa. Kinachonigusa sana katika kesi hiyo ni kitabu. Kitabu cha biolojia ambacho jimbo lenyewe liliagiza kitumike shuleni kilikuwa na habari za mageuko ndani yake. Mwalimu akitumia kitabu anavunja sheria, asipokitumia anavunja agizo. Wanasayansi walitoka mbali kuja kutoa ushahidi, hakimu akalikataza jopo la raia walioamua kesi kuwasikiliza. Scopes akatozwa faini ya dola 100. Mwaka 1927 mahakama kuu ya jimbo ikaifuta hukumu kwa sababu ndogo kabisa: faini ya kiasi hicho ilipaswa kupangwa na jopo, siyo na hakimu. Sheria yenyewe ikabaki, na haikufutwa hadi 1967.

Kwa hiyo ni kweli, mwalimu aliwahi kupatikana na hatia. Lakini yaliyofuata ndiyo ninayotaka wasomaji wayatazame vizuri, kwa sababu yanafanana na yetu. Baada ya Dayton wachapishaji wa vitabu vya shule waliogopa kupoteza soko. Hakuna mahakama iliyowaamuru. Wakaanza wenyewe kufupisha sura ya mageuko, wengine wakaliondoa jina la Darwin, mwanasayansi aliyeeleza nadharia hiyo, wengine wakaisogeza sura hiyo mwisho wa kitabu, mahali ambapo mwalimu hafiki kabla ya mwaka kwisha. Kwa miaka thelathini na zaidi watoto walipita shuleni bila kujua wamenyimwa nini. Ilibidi Warusi warushe Sputnik, satelaiti ya kwanza, mwaka 1957 ndipo serikali ya Marekani ikashtuka na kutoa fedha za kuandika upya vitabu vya sayansi.

Vitabu hivyo vipya ndivyo vilivyoleta kesi iliyofuata. Susan Epperson alikuwa mwalimu wa biolojia katika Little Rock, jimbo la Arkansas, Mkristo anayesali. Shule yake ilipokea kitabu kipya chenye sura ya mageuko, na sheria ya jimbo lake ya mwaka 1928 ilimkataza kuifundisha. Alikwenda mahakamani, na mwaka 1968 Mahakama Kuu ya Marekani ikaifuta sheria hiyo kwa kuwa ilitungwa ili kulinda fundisho la dini moja. Jimbo hilohilo baadaye likajaribu njia nyingine: anayefundisha mageuko afundishe pia uumbaji, muda sawasawa. Ndilo ombi la papa wa Ibanda hasa. Mwaka 1982 hakimu wa shirikisho William Overton akaikataa sheria hiyo, na mwaka 1987 Mahakama Kuu ikakataa sheria kama hiyo ya Louisiana, mahakimu saba dhidi ya wawili.

Je, papa anajua nani waliishtaki Arkansas katika kesi hiyo iliyoamuliwa mwaka 1982? Wa kwanza katika orodha alikuwa mchungaji wa Kimethodisti, William McLean. Pamoja naye walikuwako maaskofu wa makanisa mbalimbali, na wa Katoliki mmojawapo. Viongozi wa dini ndio waliokwenda kumwambia hakimu kwamba hawataki serikali ya jimbo iwafundishie Biblia ndani ya saa ya biolojia. Kila anayetuambia kwamba hii ni vita kati ya wanaomwamini Mungu na wasiomwamini, namwomba aikumbuke orodha hiyo.

Kesi ya mwisho ninayotaka kuitaja ni ya Dover, jimbo la Pennsylvania. Mwaka 2004 halmashauri ya shule iliamua kwamba kabla ya somo la mageuko wanafunzi wasomewe tangazo fupi: kwamba nadharia ya Darwin ina mapengo, na kwamba maktabani kuna kitabu kinachoeleza kuwa viumbe vilibuniwa na mwenye akili. Walimu wa sayansi waliandika barua kwamba hawatalisoma. Waliandika, kisha wakabaki katika shule yao, na viongozi wa shule wakalazimika kuingia darasani wenyewe kulisoma. Wazazi kumi na mmoja wakashtaki. Mashahidi wa pande zote mbili walisikilizwa kwa wiki nyingi, na mmoja wao alikuwa Kenneth Miller, Mkatoliki, mwandishi mwenza wa kitabu cha biolojia kilichotumika Dover penyewe. Hakimu John Jones, aliyeteuliwa na Rais George W. Bush, alitoa hukumu yenye kurasa 139 tarehe 20 Desemba 2005: tangazo lile lilikuwa dini, halikuwa sayansi, na halikuruhusiwa katika shule ya umma. Halmashauri ikakubali kulipa dola milioni 1 za mawakili wa upande ulioshinda. Fedha hizo zilitoka katika mfuko wa shule za watoto wao wenyewe.

Sisemi kwamba hukumu za Marekani zinatufunga sisi. Sheria zetu ni nyingine. Katiba yetu ya 2006, katika kifungu chake cha 1, inasema taifa letu halifungamani na dini, lakini shule zetu nyingi za umma zinasimamiwa na makanisa kwa mkataba wa mwaka 1977. Kanisa linasimamia shule, Leta, yaani Serikali, inatoa programu ya masomo na kupaswa kulipa walimu. Dini ina saa yake katika ratiba, na sina shida na saa hiyo hata kidogo. Wanafunzi wangu wanatoka kwa mwalimu wa dini wanaingia kwangu, na yeye hajawahi kuniomba nifundishe kitabu cha Mwanzo, wala mimi sijamwomba afundishe selula, yaani seli za mwili.

Ninalolalamikia ni somo kuondolewa kimyakimya, kama walivyofanya wale wachapishaji. Hapa kwetu hakuna kesi. Hakuna sheria iliyotungwa na bunge ambayo mtu angeweza kuipinga. Kuna prefe, yaani mkuu wa shule, anayemwita mwalimu ofisini na kumwambia kwa sauti ya chini: somo lile ruka, wape karatasi wakasome nyumbani, komite ya wazazi imenung'unika. Kuna mwalimu anayehesabu kwamba ana watoto watano na mkataba usio na uhakika, akaruka. Mwalimu mwenzangu wa shule nyingine ya hapa mjini ameambiwa hivyo mwaka huu. Aliomba amri hiyo kwa maandishi, akajibiwa kwamba mambo ya namna hiyo hayaandikwi. Programu inasema somo lipo. Jarida la darasa, ambamo mwalimu huandika masomo aliyotoa, litasema lilifundishwa. Inspekta akija atakuta kila kitu kiko sawa, na kwenye kaye, yaani madaftari, za watoto hakuna kitu. Halafu mtihani wa Serikali unafika na swali, na mtoto aliyelipiwa minervali, yaani karo, kwa jasho la mama yake anayeuza samaki wadogo wa sambaza sokoni Kadutu anatazama karatasi hajui aanzie wapi.

Na mtihani si jambo kubwa kuliko yote. Papa wa Ibanda anauliza somo hili lina faida gani kwa kijana wa Bukavu. Nitamjibu kwa mfano wa damu. Katika kila darasa ninalofundisha yupo mtoto mwenye ndugu aliye SS, yaani mwenye ugonjwa wa selimundu, ambao mtu huurithi kwa wazazi wote wawili. Wanaujua ugonjwa kwa jina, wanajua maumivu ya mifupa usiku, wanajua vijana siku hizi wanaombwa kupima damu kabla ya ndoa. Swali wanaloniuliza ni moja: kama ugonjwa huu unaua watoto tangu zamani, mbona haukwisha? Sina jibu lolote la kuwapa nje ya somo la mageuko. Aliyerithi chembe ya urithi ya ugonjwa huo kutoka kwa mzazi mmoja tu, yaani AS, haugui SS, na malaria kali haimpati kwa urahisi kama wengine. Katika nchi za malaria watu hao waliishi zaidi, wakazaa, wakairithisha. Kwa hiyo chembe ikabaki palepale malaria ilipo, vizazi kwa vizazi. Siku ninayoeleza hayo darasa linanyamaza kabisa, halafu mikono inainuka yote. Wapo wasichana waliotoka hapo wakaenda kuwaeleza mama zao kwamba ndugu yao hakulogwa na mtu. Nitalirukaje somo hilo?

Tena tuitazame Kamituga, hapohapo Mwenga, mkoani kwetu Kivu Kusini. Mwaka 2023 mpox, ugonjwa wa virusi unaoleta vipele, ilizuka huko kwa namna ambayo haikuwa ya kawaida, ikiambukizwa mtu kwa mtu. Wanasayansi, Wakongomani wakiwemo, walisoma herufi za urithi za virusi vile, wakalinganisha mabadiliko yaliyojikusanya ndani yake, wakaona ni tawi jipya. Wakaliita Ib. Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza hali ya dharura kwa ulimwengu mzima. Walijuaje kwamba tawi ni jipya, na kwamba limetoka kwa lipi? Kwa njia ileile ninayowafundisha watoto: kizazi hurithi, hubadilika kidogo, na mabadiliko huacha alama za ukoo. Mkoa wetu ndio ulioipa dunia somo hilo, na sisi tunataka watoto wa mkoa huu wasilisikie.

Kuhusu imani nitasema machache, kwa sababu si mimi wa kuhubiri. Mimi ni Mkatoliki, ninaimba katika kwaya ya parokia. Papa Yohane Paulo wa Pili aliwaandikia wanasayansi wa Vatikani mwaka 1996 kwamba maarifa mapya yanatufanya tuione nadharia ya mageuko kuwa ni zaidi ya dhana tu. Najua ndugu zetu wa makanisa mengine hawafungwi na maneno yake. Mwanafunzi wangu anayeamini siku sita za uumbaji ninampa alama zake zote akieleza vizuri programu inavyodai, na simuulizi moyoni anaamini nini. Sina haki hiyo.

Ombi langu ni kwa maprefe na komite za wazazi. Mwenye kutaka somo hili litoke aandikie wenye mamlaka juu ya programu, aseme sababu zake, na walimu wa biolojia wapewe nafasi ya kujibu kwa maandishi vilevile. Prefe anayeamuru somo lirukwe atie saini amri yake. Nakala ya barua hii, yenye jina langu kamili, nimempelekea prefe wetu na komite ya wazazi ya shule yetu. Muhula huu nitafundisha mageuko kwa ratiba iliyopangwa, baada tu ya kumaliza urithi. Prefe akikubali, papa wa Ibanda aje aketi na wanafunzi. Saa ya mwisho ya somo huwa naiacha kwa maswali, naye atapewa zamu yake.

Mwalimu wa biolojia,
Kadutu, Bukavu