Shemeji, sahihi ile ilikuwa yangu

Shemeji,

Dada ameniambia hutaki hata jina langu litajwe mbele yako. Sawa. Ndiyo maana naandika hapa, ambapo huwezi kunikatia simu, na waliosikia habari hii kwa upande mmoja wausikie na wa pili.

Sikukusaliti nilipotoa ushahidi katika kesi ya mzee aliyekuwa akikuuzia mbao, aliyekudai mizigo mitatu usiyoilipa. Nimetaka hilo litangulie, ndipo tuendelee.

Unaikumbuka siku ya spika. Ulikuwa unagundisha miguu ya lile kabati refu, simu ikaita juu ya meza ya randa, ukaniambia nikubonyezee spika ya simu kwa sababu mikono yako ilijaa gundi. Mzee wa mbao akauliza mwezi huu alete nini. Ukamjibu bila hata kuinua kichwa: "Leta kama kawaida, bei ile ile." Akasema haya. Baada ya siku mbili lori likaingia kinyumenyume getini. Nikahesabu ubao mmoja mmoja kwa chaki, nikasaini hati ya kupokelea mzigo, dereva akaondoka na nakala yake, ya kaboni ikabaki kwetu.

Maneno sita, shemeji. Hayo ndiyo uliyokuja kuyakana chini ya kiapo.

Tangu kesi iishe nimesoma sana, usiku, kwa sababu nilitaka kujua kama nilikosea. Mkataba ni yale mliyokubaliana. Karatasi ni shahidi mmojawapo tu. Zipo sheria zinazotaka maandishi mali ikifika thamani fulani. Sheria ya biashara ya Marekani kwa miaka mingi imeweka dola 500, lakini hata kule mtu aliyekwisha kupokea mzigo na kuukubali hawezi kusingizia kwamba haukuandikwa. Na ule mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mauzo ya bidhaa kati ya nchi na nchi, uliofanywa Vienna mwaka 1980, ibara yake ya 11 inasema mauzo si lazima yaandikwe, na yanaweza kuthibitishwa kwa njia yoyote, mashahidi wakiwemo.

Mimi nilikuwa shahidi. Niliitwa kwa hati ya wito, sikujipeleka.

Mzee ndiye aliyedai, kwa hiyo mzigo wa kuthibitisha ulikuwa wake, na aliubeba. Hati 31 za kupokelea mzigo. Taarifa ya benki inayoonyesha ulivyolipa mizigo 28, mwezi baada ya mwezi. Ujumbe wako wa simu: "Nivumilie, mwisho wa mwezi nitamalizia." Kumalizia nini, shemeji, kama hamkuwa na makubaliano? Kesi ya madai haihitaji uhakika kama wa kesi ya mauaji. Hakimu anapima tu ni maelezo ya nani yanayoelekea zaidi kuwa kweli, na malipo yako mwenyewe yalikuwa yanamsemea mzee.

Wakili wake alitaja kesi ya Uingereza ya mwaka 1877, ya Brogden na kampuni ya reli ya Metropolitan. Brogden alikuwa akiiuzia kampuni hiyo makaa ya mawe. Ikaandikwa rasimu ya mkataba, Brogden akaijaza na kuirudisha, mtu wa kampuni akaitia kwenye droo na ikaishia humo. Makaa yakaendelea kwenda, malipo yakaendelea kuja, kwa masharti yale yale ya rasimu. Ugomvi ulipozuka Brogden akasema hapana mkataba. Majaji wakamwambia upo, mmekuwa mkiutekeleza. Sisi hata rasimu ya kutia droo hatukuwa nayo, lakini tulikuwa na malori 31.

Nilikuwa nimemaliza kutoa ushahidi, nimekaa benchi la nyuma na dada, ulipopanda kizimbani. Ukaonyeshwa hati, ukaulizwa aliyesaini ni nani. Ukasema: "Ni shemeji yangu. Alikuwa anakuja tu karakana kumsalimia dada yake. Hakuwa na mamlaka ya kupokea kitu chochote."

Dada alifungua zipu ya mkoba wake, akaifunga, akaifungua tena. Hakunitazama.

Miaka minane, shemeji. Funguo za stoo nilizivaa shingoni mpaka kamba ikanichora. Wewe ndiye uliyenifundisha ubao: nigonge kwa kifundo cha kidole, nisikilize kama umekauka. Ulinifundisha kwa upole, kuliko mtu yeyote aliyewahi kunifundisha kitu, na mpaka leo siupiti ubao bila kuugonga. Halafu ukasema nilikuja kusalimia. Deni ningekusamehe, halikuwa langu. Hilo silisahau. Na kisheria nalo halikukufaa, maana ukimwacha mtu asimame getini kwako na kusaini, ukalipa mara 28 kwa sahihi yake, huwezi mara ya 29 kusema humjui.

Najua ulikuwa na shida. Najua yule mteja wa makabati alikukimbia na pesa. Usiku ule ulipokuja kuniomba niseme mizigo mitatu ya mwisho mzee aliiacha tu tumtunzie, niliona ulivyokonda, nikalia ulipoondoka. Lakini ungeijibu ile barua yake ya kwanza ya madai: nadaiwa, nipe muda. Ulikuwa hata na hoja ya haki. Mzigo wa 30 ulikuwa na mbao 14 zilizopinda, niliziandika mwenyewe kwenye daftari, na zingeweza kupunguza deni. Ila aliyesema hakununua kitu atalalamikaje kwamba alichonunua kimepinda?

Ukimpata muuzaji mwingine, ukishamaliza kuongea naye kwenye simu mtumie ujumbe: kiasi, bei, siku ya kulipa. Dakika moja tu. Na mtunza stoo utakayemweka mwandikie barua ya kazi. Mimi hukuniandikia, nami sikukudai, kwa kuwa ulikuwa mume wa dada yangu na nilijua neno lako linatosha. Mzee naye alijua hivyo hivyo. Sasa ningesimamaje mbele ya hakimu niseme neno lako si kitu, wakati nami nililila miaka minane?

Daftari la stoo mahakama imenirudishia. Ukurasa wa mzigo wa 30 nimeuwekea kipande cha msasa ili usihangaike kuutafuta. Mzee bado hajaomba kukazia hukumu, yaani mahakama ikulazimishe kulipa. Nenda naye mkae, umwonyeshe zile 14, ni mtu wa kusikia. Ila njoo ulichukue mwenyewe, usimtume dada.