Risala ya vijana wakulima wa korosho kwa mgeni rasmi, Tandahimba, mkoani Mtwara

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi wa chama cha msingi, wazee wetu na wakulima wenzetu, shikamooni na karibuni sana.

Mheshimiwa, watu wengi wakiona mauzo ya korosho nje yameshuka wanasema mvua, au wakulima wavivu. Sio kweli. Mwaka 1973/74 nchi hii ilivuna kama tani 145,000, halafu watu wakahamishiwa vijiji vya ujamaa mikorosho ikabaki porini, ugonjwa wa ukungu mweupe tunaouita ubwiriubwiri ukaingia, bei nayo ikawa haina maana, katikati ya miaka ya 80 tukawa hatufikishi hata tani 20,000. Salfa, ile dawa ya unga ya kuzuia ubwiriubwiri, na miche bora ya kituo cha utafiti cha Naliendele ndo vimetuinua, mpaka msimu wa 2017/18 tukapita tani 300,000 na mnadani kilo ikafika elfu nne, watu wakaezeka bati na ada zikalipwa.

Msimu uliofuata wanunuzi wakaleta bei za chini, wakulima wakagoma, serikali ikaamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na mzigo mwingi ukakaa maghalani. Mikorosho ilikuwa ileile Mheshimiwa, kilichoyumba ni soko, kwa sababu sehemu kubwa ya korosho yetu inaondoka ghafi kwenda India na Vietnam, wao ndo wanabangua na kuuza Ulaya na Marekani, kwa hiyo wakisita kidogo tu huku kwetu msimu umeharibika. Na miaka ya nyuma meli zilipokosekana bandari ya Mtwara mzigo ulipanda lori hadi Dar, gharama hiyo mnunuzi aliikata kwenye bei yetu.

Tunaomba mambo mawili. Kwanza tozo zinazokatwa kwenye korosho zijulikane kabla minada haijafunguliwa Oktoba na zisiguswe katikati ya msimu.

Pili, na hili ndo kubwa, tunataka kubangua hapahapa. Mashine peke yake haitoshi, maana mbanguaji lazima anunue korosho ya mwaka mzima ndani ya miezi michache ya minada, akishindana na wanunuzi wa kupeleka ghafi nje wenye hela mkononi, akikosa mtaji wa kununulia basi kiwanda kinalala kuanzia katikati ya mwaka. Tusaidie tupate mkopo wa riba nafuu unaolipwa kadri tunavyouza. Eneo tunalo, na akina mama wa kikundi wanajua kubangua tangu utotoni.

Tunaomba kuwasilisha.