Msimamishe fundi kwanza, fremu zisubiri

We bwana, habari za huko. Meseji yako nimeisoma jana usiku na sijalala vizuri, si utani. Eti fundi anafunga fremu za milango kesho, kizingiti anakikalisha juu ya jamvi, ile zege ya chini ya nyumba, "alafu mambo ya sakafu tutaona mbele". Ndugu yangu, hiyo tutaona mbele ndo iliyonimaliza mimi. Mpe kazi nyingine kwa siku mbili, hata apige lipu ukuta wa nyuma, afu we kaa usome hapa.

Mi nilifanya hivyo hivyo. Nilikua na haraka ya milango nipate kufungia vifaa ndani, fremu zikakaa na kizingiti kikatokeza sm 5 juu ya jamvi, nikajiambia sakafu haiwezi kupita hapo. Siku ya sakafu ndo hesabu ikaja yenyewe: skridi (ule mchanga na saruji wa kusawazisha juu ya jamvi) sm 5, gundi ya tailizi nusu sentimita, tailizi milimita 10, jumla sm 6.5. Sakafu ikakizidi kizingiti sm moja na nusu, na mlango unafungukia ndani, kwahiyo ukiusukuma unakwangua tailizi mpya zinalia kriii. Ikabidi tuung'oe tuukate chini. Sasa unafunguka vizuri kabisa, ila ukiufunga unaacha mwanya chini yake panya anapita bila kuinama, na mvua ikija na upepo maji yanaingia hapo hapo. Mpira wa kuziba chini nimeweka, haufiki.

Na hiyo ni mlango wa mbele tu. Wa jikoni ulikua na shida yake kwasababu jamvi lenyewe halikua sawa, lilipanda kama sm 2 upande ule, we ukiangalia kwa macho huoni kitu. Ili sakafu ya juu iwe levo ikabidi skridi iwe nyembamba pale, ikapasuka, na tailizi mbili ukizigonga zinatoa sauti ya debe tupu. Ndo maana nakwambia usipime chochote kutokea kwenye jamvi. Jamvi linapanda na kushuka, ukilifanya ndo mwanzo wa vipimo kila mlango utakua na sakafu yake.

Sasa fanya hivi. Kwanza amua leo leo sakafu itakua nini kila chumba, sio "tailizi" tu, tailizi ya unene gani, maana kuna za milimita 8 na kuna za 12 na hiyo tofauti ni mlango kukwangua au kutokwangua. Tafuta sehemu jamvi lilipopanda zaidi, hapo jumlisha skridi na gundi na tailizi, ukipata juu yake ndo usawa wa sakafu yako nyumba nzima. Kutoka hapo panda mita moja kamili, weka alama, alafu chukua mpira wa levo, ule mrefu unaoonyesha ndani unaojazwa maji, uizungushe hiyo alama kuta zote. Hakikisha mpira hauna povu la hewa ndani, kapovu kadogo tu kanakudanganya, na subiri maji yatulie kabla hujachora. Ukimaliza piga uzi wa chaki. Lipu itaufuta huo mstari, kwahiyo pigilia misumari kwenye kona uweze kuurudisha.

Kuanzia hapo ukimuuliza fundi kizingiti kiko wapi asikujibu "sm 6 juu ya jamvi", akujibu "mita moja chini ya mstari". Na lenta pia, zile boriti za zege juu ya milango, zipimie hapo. Kama mlango na fremu yake vinahitaji m 2.1 juu ya sakafu, basi kutoka mstari hadi chini ya lenta upate m 1.1 na kanafasi kidogo. Zikipungua ni bora ujue sasa hivi, nyundo na tindo vikiwa bado viko saiti.

Mlango wa nje ndo wenye maneno, haswa kwakua mama anatumia kiti cha magurudumu. Kawaida ardhi ya nje inashuka sm 15 chini ya sakafu ya ndani ili maji na unyevu visipande ukutani, lakini ukifanya hivyo unamwekea mama ngazi. Kwenye mlango atakaoutumia yeye pandisha nje mpaka karibu na kizingiti, na kizingiti kisitokeze zaidi ya milimita 15 na kingo zake zichongwe mshazari, ila lazima uweke mfereji wenye wavu mbele ya mlango na baraza iteremke kwenda nje, sm 2 kila mita inatosha. Ukiacha mfereji kwa kubana hela, maji yatakutembelea sebuleni, mimi nakuapia. Na chini ya kizingiti fundi ajaze mota ya saruji na mchanga kote kote, asikiegemeze kwenye vipande viwili vya mbao, kitakua kinakanyagwa kila siku kitapinda.

Milango ya ndani haina makubwa. Chumbani unaweka mbao na koridoni tailizi, si ndio? Mbao na spongi yake ni kama milimita 11, tailizi na gundi 15, kwahiyo skridi ya chumbani iwe juu milimita 4 na juu kabisa vitakutana. Hapo vinapokutana pawe chini ya ubao wa mlango ukiwa umefungwa, ili ukiwa koridoni usione kipande cha mbao kimechungulia. Mi changu kimechungulia, kila mgeni anauliza. Bafuni shusha sm moja au mbili, basi.

Ukishapiga mstari nitumie picha ya mlango wa jikoni na ile ya lenta ya mbele, futi ya kupimia iwe imeshikwa hapo hapo nione namba. Na muulize fundi ana mpira wa levo wa mita ngapi, kama mfupi ntakuja na wangu jumamosi. Msalimie mama sana.