Mbona nimepewa gitaa la nne?

Kila tunapogawa karatasi za noti za muhula mpya, ujumbe wa kwanza wa WhatsApp huwa ni huu: "Mwalimu, mimi nina miaka mitatu na gitaa, mbona nimepewa gitaa la nne?" Wengine hawaandiki. Jumamosi inayofuata wanachelewa, na ile ya pili hawaji kabisa. Swali lenyewe ni la haki. Mtu amelipa ada, amekaa kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro, halafu anapewa karatasi yenye noti nane zinazojirudia. Nalijibu hapa kwa kirefu, kwa sababu humo ndimo lilimo karibu kila kitu tunachofundisha katika kundi la daraja la kati.

Muhula huu tunapiga Kanoni ya Pachelbel, ule muziki ambao wengi mmewahi kuusikia maharusi wakiingia kanisani. Johann Pachelbel, Mjerumani aliyefariki mwaka 1706, aliuandika kwa vayolini tatu na besi. Sisi tunatumia mpangilio wa magitaa manne. Gitaa la nne ndiyo besi. Waliopita kwenye kwaya wataitambua mara moja kwa solfa: do, so, la, mi, fa, do, fa, so. Noti nane, zote zenye urefu mmoja, mara 28.

Anayepiga gitaa la nne huanza peke yake. Anapozunguka mara ya pili gitaa la kwanza linaingia, mara ya tatu linaingia la pili, mara ya nne la tatu, kila moja likipiga kilekile ambacho mwenzake alikipiga raundi moja nyuma. Hadi hapo mambo ni mepesi. Kisha magitaa ya juu yanafika kwenye noti fupifupi, vidole vinachangamka, na kundi zima linataka kukimbia. Mtu mmoja tu ndiye anayeweza kulizuia. Asipozuia, raundi ya ishirini inakuwa na kasi ambayo hakuna aliyeifanyia mazoezi, na hapo ndipo gitaa la kwanza linapoanguka. Wasikilizaji watadhani kosa ni la gitaa la kwanza. Sisi tuliokaa ndani tunajua lilianzia wapi.

Wapenzi wa muziki wa dansi hawahitaji kuelezwa sana. Ukisikiliza bendi ya Mlimani Park usiku mmoja kwa kulifuata gitaa la rizimu tu, ukaliacha solo lijiendee, utaona ni nani anayewabeba wachezaji.

Sasa tuje kwenye ugumu ambao karatasi haiuonyeshi. Kanoni hii iko kwenye ufunguo wa Re (kuanzia hapa natumia majina ya noti zenyewe, si solfa: do ya kwaya hapa ni Re), hivyo gitaa la nne hulegeza uzi wa sita kutoka Mi kushuka hadi Re. Papo hapo kila kidole chako kwenye uzi ule kinahamia freti mbili mbele (freti ni vile vyuma vilivyokatiza shingo ya gitaa): Fa-diyezi, yaani Fa iliyopandishwa nusu sauti, uliyoizoea freti ya pili sasa iko ya nne, Sol iko ya tano. Halafu kuna jambo la kuzima. Noti ya kwanza unaipiga kwenye uzi wa nne ukiwa wazi, bila kubanwa, ya pili kwenye uzi wa tano ukiwa wazi. Usipouzima ule wa nne kwa upande wa kidole gumba, unaendelea kulia pamoja na wa tano, na baada ya raundi tatu besi yako ni uji. Mpiga gitaa wa peke yake anaweza kuishi na uji huo miaka mingi bila kujua, kwa kuwa ukiwa peke yako unapendeza, unajaza chumba. Magitaa manne yakikaa pamoja hauvumiliki.

Gitaa lina tabia nyingine inayowashangaza wanaotoka kwenye vayolini. Sauti yake huzaliwa ghafla na kuanza kufa saa hiyohiyo. Mpiga vayolini anaweza kuingia taratibu kwa upinde, kuchelewa kwake kukafichwa. Kwetu, watu wawili wakipishana hata kidogo sana, linasikika "ta-ta" pale palipotakiwa "ta" moja. Ndiyo maana robo saa ya kwanza ya kila kipindi hatupigi wimbo. Tunapiga kodi moja (noti kadhaa kwa mpigo mmoja), pamoja, tena na tena, kwa kusikiliza pumzi ya kiongozi. Hatuna mwongozaji wa kusimama mbele. Anayeanzisha huvuta pumzi inayosikika, na urefu wa pumzi ile ndiyo kasi ya wimbo. Wanakwaya hulishika hili haraka kuliko wengine wote.

Kinachowasumbua zaidi watu wa daraja la kati ni mazoea ya nyumbani, vidole vyao havina shida. Ukiwa peke yako, ukikosea unasimama, unarudi, unarekebisha, unaendelea. Miaka mitatu ya kufanya hivyo inaufundisha mwili kwamba muda wa wimbo unakungoja. Kwenye kundi haukungoji. Tuna sheria moja tu: ukipotea, nyamaza, hesabu, ingia kwenye herufi inayofuata. Tumeweka herufi A, B, C juu ya karatasi zote kwa kazi hiyo. Wiki mbili za kwanza watu huona aibu kunyamaza, wanang'ang'ania kupapasa. Wiki ya tano hivi unawaona wanaruka shimo na kuendelea, uso umetulia. Napenda kuutazama uso huo kuliko kusikia kipande kigumu kikipigwa bila kosa.

Mwaka wangu wa kwanza wa kuendesha kundi nilimpa gitaa la kwanza kila aliyeliomba. Tulikuwa na watu wanne wanaojua sehemu zao kwa kichwa na wasiosikia kabisa za wenzao. Siku ya kupiga mbele ya wazazi tulisimama katikati ya wimbo, na hakuna aliyejua tuanzie wapi. Tangu hapo sehemu zinazunguka. Katika muhula wa wiki 12 kila mtu anapita kwenye magitaa yote manne, kuanzia la nne. Ukifika la kwanza utakuwa unaisikia besi ndani yako, na utajua pia lini melodi si yako. Gitaa la pili likiiga ulichokipiga, wewe unatoka kwenye apoyando, ule upigaji wa kidole kuegemea uzi wa jirani, unarudi kwenye upigaji wa kawaida ili mwenzako asikike.

Kujiunga si lazima uwe na cheti. Tunachoangalia ni kama unasoma noti kwenye nafasi ya kwanza, yaani freti za mwanzo, bila kuandikiwa namba za freti, na kama unaweza kumaliza zoezi dogo la Carulli au la Sor, watunzi wa zamani wa muziki wa gitaa, kwa dakika mbili bila kusimama. Kama bado, vipindi vya mtu mmoja mmoja vitakufikisha, kwa wengi ni suala la miezi michache.

Gitaa liwe la nyuzi za nailoni. La nyuzi za chuma linawafunika wenzake wote. Na tafadhali, usifunge nyuzi za chuma kwenye gitaa la klasiki ili "liwe na sauti": mvuto wake ni mkubwa kuliko gitaa lile lilivyoundwa kubeba, na daraja, kile kipande kinachoshikilia nyuzi kwenye mwili wa gitaa, hung'oka. Tumeshaletewa magitaa mawili ya namna hiyo. Asiye nalo atatumia la darasa hadi apate.

Kutyuni, yaani kurekebisha sauti za nyuzi, nako kunatupotezea muda. Nailoni mpya huendelea kulegea kwa siku kadhaa, hivyo badilisha nyuzi wiki moja kabla, usibadilishe Ijumaa usiku. Ukitoka kwenye gari lenye kiyoyozi, lifungue gitaa likae dakika kumi kwenye joto letu la Dar kabla hujaligusa. Programu ya simu inafaa kwa kuanzia, noti ya La ikiwa herzi 440, lakini mwisho wote tunafuata gitaa moja, kisha tunahakiki kwa kodi. Uzi wa tatu ndio msumbufu kuliko wote. Usikilize ukiwa umebanwa, si ukiwa wazi tu.

Tunaanza Jumamosi saa kumi jioni. Njoo na kistuli cha mguu, penseli yenye kifutio, na sehemu ya gitaa la nne uliyoijaribu nyumbani na metronomu (kihesabu mapigo) kwenye mapigo 54 kwa dakika, raundi zote 28 bila kusimama. Jirekodi kwa simu, kisha ilinganishe raundi ya mwisho na ya kwanza.