Jiji si idadi ya watu tu

Mhariri,

Tangu Eldoret ipewe hati ya jiji Agosti 2024 naskia watu kila mahali wakisema mji wao pia unastahili, ati watu wamejaa na maghorofa yameongezeka. Jamani, sheria ya miji ya 2011 haikusema hivyo! Ni kweli idadi ya watu ni sharti, mwanzoni ilikuwa 500,000 halafu ikashushwa hadi 250,000 mwaka 2019, na ndio maana Eldoret ikapita maana sensa ya mwaka huo iliipata na watu kama 475,000 hivi. Lakini mji lazima pia uwe na mpango wa maendeleo, uweze kujikusanyia mapato yake, uwe na barabara, taa, masoko, wazima moto, na mahali pa kutupa taka, hili la taka mimi ndilo naliona kubwa kuliko yote, kwa sababu maghorofa mtu binafsi anajenga lakini takataka ni ya serikali.

Kwa hivyo viongozi wanaotuahidi jiji watuonyeshe kwanza hiyo mipango, waibandike sokoni tuisome.

Msomaji, Uasin Gishu