Mstaafu aijaribu pikapu kwenye barabara ya kwake kabla ya kulipa

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumze na walimu, wauguzi na watumishi wengine wa umma wanaokaribia umri wa miaka 60 na ambao tayari wanapanga kununua pikapu malipo yao ya uzeeni yakishaingia benki. Huku kwetu Njoro, Elburgon na Molo mipango ya namna hiyo haikosi katika mazungumzo ya walimu, kwa maana mtu anarudi shambani, ana viazi vya kuteremsha Nakuru, ana mbolea ya kupandisha, ana mwenzake wa kupeleka kliniki, na pikapu inaonekana kuyatosheleza yote hayo. Sipingi. Ombi langu ni kwamba mnunuzi asitoe hela kabla hajaiendesha mwenyewe, ikiwa tupu na ikiwa na mzigo, kwenye barabara ya aina ileile atakayoipita kila wiki.

Mimi sikufanya hivyo. Nilistaafu nikiwa na goti la kushoto linalouma na mgongo uliochoka kwa miaka zaidi ya 30 ya kusimama ubaoni na kuinamia madaftari. Mpango mpya wa pensheni ulipoanza Januari 2021 nilikuwa nimepita umri wa miaka 45, nikabaki katika utaratibu wa zamani, ambao unamruhusu mstaafu kuchukua robo ya pensheni yake kwa mkupuo na kulipwa iliyobaki mwezi kwa mwezi. Fungu hilo huja mara moja tu maishani. Karibu lote nililikabidhi yadi moja ya magari, nikapewa pikapu ya kebini moja yenye sifa kubwa ya kubeba mizigo. Nilikuwa nimeiendesha kwa dakika kumi hivi, juu ya lami, nikaona imetulia, nikatia sahihi.

Kilomita saba za mwisho kufika shambani kwangu ni za murram, na mvua za masika huzikata kwa mifereji inayopita barabara kutoka upande hadi upande. Siku ya kwanza nilipopita hapo bila mzigo, nyuma ya gari ilikuwa ikirushwa juu katika kila mfereji na kutua kwa kishindo, huku mke wangu ameshika dashibodi kwa mikono yote miwili. Hakusema neno mpaka tulipofika langoni. Ndipo aliponiambia kwa upole, "Mwalimu, mimi nitakuwa nikija kwa matatu." Baada ya miezi minane niliiuza kwa hasara ambayo bado inaniuma.

Fundi mmoja wa jua kali hapa Nakuru ndiye aliyenieleza jambo ambalo ningepaswa kulijua mapema. Pikapu nyingi zina springi za nyuma za mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine, na mabamba hayo yametengenezwa yahimili takriban tani moja. Bila mzigo hayapindi vya kutosha, kwa hiyo kila pigo la barabara hupanda moja kwa moja hadi kwenye kiti. Ukipakia magunia manane au kumi ya viazi, ya kilo 50 kila moja kama sheria inavyotaka, gari lilelile hutulia kabisa. Swali ambalo kila mstaafu anapaswa kujiuliza basi ni hili: katika siku saba za juma, ni siku ngapi atakuwa na mzigo? Mimi nilipohesabu kwa uaminifu nilipata siku moja, na wakati mwingine hata hiyo haikuwapo. Siku sita nilikuwa nikiendesha bodi tupu, nikiteswa na springi zinazongoja tani ambayo haiji.

Fundi huyohuyo alinionyesha kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva, ambacho katika pikapu nyingi huandikwa vipimo viwili vya upepo wa magurudumu ya nyuma, kimoja cha gari tupu na kingine cha gari lililopakiwa. Nilikuwa nimetembea miezi yote ile na upepo wa mzigo mzima. Tulipoupunguza hadi kipimo cha kwanza, na kulaza magunia mawili ya mchanga juu ya ekseli ya nyuma, mruko ulipungua kwa kiasi ambacho hata mke wangu alikiri. Laiti ningalijua hayo mwezi wa kwanza.

Mara ya pili nilipotafuta pikapu ya kununua nilikwenda na mke wangu, na yeye ndiye niliyemtanguliza kupanda. Pikapu zinazovuta kwa magurudumu yote manne huwa zimeinuliwa juu, na mtu mwenye goti bovu huhitaji kikanyagio cha pembeni pamoja na mshikio imara kwenye nguzo ya mlango, upande wa dereva na upande wa abiria vilevile. Tulikaa ndani nusu saa nzima injini ikiwa imezimwa. Tulitazama kama kiti kinainuka na kama kinashikilia kiuno, na kama usukani unasogea kumfuata dereva, ili asilazimike kujikunja kuufuata. Tulikaa kiti cha nyuma pia, kwa sababu katika dabo-kebini nyingi, yaani pikapu zenye safu mbili za viti, mgongo wa kiti hicho umesimama wima, na bibi wa miaka 80 anayepelekwa hospitali Nakuru ataujua ugumu wake kabla hajafika Njoro. Kwa goti langu la kushoto nilichagua gia za otomatiki, ingawa matengenezo yake ni ghali zaidi, na nimejifunza kuishusha gia kwa mkono ninapoteremka kutoka Mau Summit kwenda Salgaa ili breki zisichemke.

Dabo-kebini ina gharama yake. Bodi yake ina urefu wa takriban mita moja na nusu, ilhali ya kebini moja hupita mita mbili, kwa hiyo mwenye kubeba mbao au nyasi za ng'ombe kila siku atapungukiwa. Anayelima maeneo ya juu kama Molo au Kuresoi aangalie pia kwamba injini ya dizeli ina tabo, yaani kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi, kwa kuwa injini isiyo nayo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za mwinuko, na Molo iko juu ya mita 2,400.

Kwa pikapu za mitumba kutoka nje, Kenya haipokei gari lililopita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na usukani lazima uwe kulia. Zinazotoka Uingereza zichunguzwe chasisi kwa tochi, kwa sababu huko barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa baridi na kutu huanzia chini. Mnunuzi akumbuke vilevile ukaguzi wa kila mwaka na kodi ya mapato inayolipwa mapema kwa magari ya mizigo, na aiambie kampuni ya bima waziwazi kama atabeba mizigo yake tu au atakodisha.

Nina maombi mawili, Mhariri. Waandishi wako wa masuala ya magari, wanapoijaribu pikapu mpya, wamchukue mtu mzima wa miaka 60 au 65 wampandishe nao, kisha watuandikie alivyopanda, alivyoshuka na mgongo wake ulivyokuwa baada ya saa mbili. Ombi la pili ni kwa wenye yadi. Barabara ya murram haiko mbali na mji wa Nakuru. Mtuachie gari kwa saa moja tukapite huko, tukiwa na wake zetu au waume zetu ndani na magunia machache nyuma, na mafuta tutanunua wenyewe.

Mwalimu mstaafu,
Njoro, Kaunti ya Nakuru