Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri: betri iingie tu

Kwa Mheshimiwa Waziri unayeshughulikia kawi,

Salamu za heshima kutoka Likoni, Mombasa. Mimi ni mwendesha bodaboda, na pikipiki yangu ni ya umeme. Nakuandikia hadharani kuhusu betri zetu, kwa kuwa barua ya kwanza niliipeleka kwa mkono, ikagongwa muhuri, nikaambiwa nitaitwa. Sijaitwa. Labda simu yangu haikuwa na chaji, maana siku hizi hakuna changu chenye chaji.

Jumanne iliyopita, baada ya Isha, nilimbeba dada mmoja kutoka Mtongwe, anakimbilia zamu ya usiku kisiwani. Betri ilikuwa asilimia 11. Hesabu yangu nibadilishe betri kwenye kabati ya kampuni yangu karibu na feri, niache iliyoisha nichukue iliyojaa, kisha nivuke naye. Kufika, stima hakuna tangu Magharibi. Pengine hujawahi kuiona hiyo kabati: ina vijumba vyenye milango, kila kijumba na betri yake, na mlango hufunguliwa na umeme. Basi betri zilizojaa zimo ndani, naziona kwenye upenyo, na mlango haufunguki. Nambari ya kampuni niliipiga mara sita, nikachezewa muziki.

Ng'ambo ya barabara, hatua kama 20, kuna kibanda cha kampuni nyingine. Wao walikuwa na jenereta, inanguruma na kutoa moshi wa petroli (kawi safi hiyo, Mheshimiwa), na betri zao zimepangwa kama mikate. Kijana wa pale ni jirani yangu. Akatoa moja, tukaijaribu. Haikuingia. Kichwa cha waya kina pini tofauti na zangu, na kasha lenyewe limezidi kwa upana wa vidole viwili. Akacheka: "Hata ikiingia, ndugu yangu, pikipiki yako itaikataa. Inaijua ya kampuni yake tu."

Yule dada alinipa pole, akataka kunipa shilingi 50, nikakataa. Akapanda bodaboda ya petroli. Mimi nikasukuma. Ule mteremko wa kuingia feri, kazi yake ni kuizuia pikipiki isikutoroke ikawavamia watu miguuni. Kupanda upande wa pili ndiko kulikonimaliza, na vijana wa mihogo wananipigia kelele, "Mpeleke hospitali huyo!" Nilisukuma hadi kabati ya Mwembe Tayari, kisiwani. Saa nne usiku nikapata betri yenye asilimia 62, nikashukuru.

Sasa nikukumbushe mambo mawili matatu, kwa adabu. Tarehe 1 Septemba 2023 Rais Ruto alikuja hapa hapa Mombasa kuzindua pikipiki za umeme. Tukaambiwa kufikia mwisho wa 2024 zitakuwa zaidi ya 200,000 nchini. Wiki moja tu kabla yake, Ijumaa ya tarehe 25 Agosti, nchi ilikuwa imezama gizani hadi uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi. Hatukulitaja hilo. Tulipiga makofi. Siku chache baadaye tukamwona Rais akiendesha mwenyewe kigari cha umeme kwenda jumba la KICC, Nairobi, kwenye mkutano wa tabianchi, na katikati ya mwezi huo huo petroli ikapita shilingi 200 kwa lita. Sikuhitaji kubembelezwa zaidi. Mwaka uliofuata nikauza pikipiki yangu ya petroli, nikachukua hii kwa mkopo.

Stejini kwetu tuko 31. Wa umeme tulikuwa watatu, mmoja kesharudi kwenye petroli. Mkakati wa serikali wa 2020 ulisema asilimia 5 ya magari mapya yanayosajiliwa yawe ya umeme kufikia 2025. Nikipeleka abiria bandarini Kilindini naona yanayoshushwa melini: ni yale yale ya Japani, yamekwisha kutembea miaka yao saba, minane, yanaletwa yamalizie uzee kwetu.

Wapo wanaosema umeme safi hautoshi. Sikubali. Mvuke wa Olkaria unazalisha umeme tangu 1981, Turkana kuna mitambo 365 ya upepo, na sehemu kubwa ya umeme wa nchi hii haichomi tone la mafuta. Kisa cha Turkana ndicho kinachoniuma: mitambo ilikuwa tayari 2017, ikakaa hadi 2018 ikingoja nyaya za kuufikisha umeme kituo cha Suswa. Kule upepo ulikuwepo, nyaya hazipo. Likoni betri ipo, mlango haufunguki. Nadhani chumvi ya bahari nayo inakula nyaya zetu, ingawa mimi si fundi. Najua tu mvua ikinyunya kidogo, stima imekwenda.

Na ile bei maalumu ya 2023 ya kuchajia vyombo vya umeme, shilingi 16 kwa yuniti na 8 saa za usiku, asante. Inaishia kwa mwenye kabati. Mimi bei ya kubadilisha betri haijanishukia hata ndururu.

Deni langu, Mheshimiwa, hukumbushwa kwa ujumbe kila alfajiri kabla sijanawa uso. Nikikosa kulipa, pikipiki inazimwa kwa mbali na mtu ambaye sijawahi kumwona. Jumatano sikutoka, magoti yamevimba kwa kusukuma. Alhamisi asubuhi ikazimwa. Najiuliza ahadi ya wakubwa ikipitisha siku yake, hutumiwa ujumbe nani, na huzimwa nini.

Siombi nisamehewe mkopo. Kabati moja Mtongwe ingefaa, na zote zingewekwa sola juu, jua tunalo la kuuza, lakini hayo yaache. Naomba kimoja: betri iingie. Toa kanuni kwamba anayeuza pikipiki ya umeme Kenya, betri yake iwe ya kipimo kimoja na za wenzake, pini zile zile, kasha lile lile. Tochi ya shilingi 100 inakubali betri ya duka lolote. Na miaka yote ya petroli, sikuwahi kufika kituoni nikaulizwa tangi langu ni la kampuni gani. Betri iingie tu, Mheshimiwa.

Kampuni zitakwambia haiwezekani. Njoo Likoni uone mwenyewe, na ukiweza uje bila msafara, maana msafara nao unakunywa dizeli. Vibanda viwili vinatazamana, huwezi kupotea. Jirani yangu amekubali kuitoa tena ile betri uipime kwa mkono wako. Pikipiki yangu utaikuta uani kwangu, nimeifunika turubai. Betri ina asilimia 57 na haiendi popote.

Wako mtiifu,
Mwendesha bodaboda, Likoni